Sukuma wiki kunawiri si hakikisho kuwa ni salama

Wengi wetu mjini tunaponunua mboga huzipima kwa macho. Majani mapana ya kijani kibichi huwekwa mfukoni. Yaliyonyauka au kugeuka manjano huachwa. Kipimo hicho chafaa kwa mboga iliyochacha au kuliwa na wadudu. Kwa madini mazito, kama vile risasi na kadimiamu, hakifai hata kidogo.

Jambo hili lawahusu sana wakazi wa Nairobi. Kando ya mito ya Nairobi, Ngong na Mathare kuna bustani za sukuma wiki, mchicha na nduma zinazonyunyiziwa maji yaliyochanganyika na uchafu wa mitaa na viwanda. Wakulima hao si wahalifu. Wanatafuta riziki mahali ambapo maji hayakauki.

Mizizi ya mmea hufyonza madini unayohitaji, kama chuma na zinki. Kadimiamu hufanana na zinki, kwa hivyo hupenya kwa njia hizo hizo. Ikizidi, mizizi hudumaa, chuma hupungua majanini, rangi ya kijani hufifia na mmea hushindwa kujitengenezea chakula. Hata zinki na shaba, ambazo mmea huzihitaji kwa kiasi kidogo, huudumaza zikipita kiasi.

Mmea uliodumaa angalau humwonya mkulima. Taabu ni kwamba mboga za majani zaweza kukusanya kadimiamu ya kumdhuru binadamu kabla zenyewe hazijaonyesha dalili yoyote. Risasi ni tofauti kidogo: nyingi hubaki mizizini, na inayopatikana majanini mara nyingi ni ya vumbi na udongo. Hiyo yaweza kupunguzwa kwa kuosha vizuri. Iliyomo ndani ya jani haioshwi. Kuchemsha nako huua viini vya kipindupindu, lakini hakuharibu madini.

Madhara yake huja polepole. Kadimiamu hukaa katika figo kwa miaka mingi. Katika bonde la mto Jinzu nchini Japani, maji ya mgodi yaliifikisha kwenye mashamba ya mpunga. Waliokula mchele huo, hasa wanawake wenye umri mkubwa, waliharibika figo na mifupa yao ikawa ya kuvunjika ovyo. Ugonjwa huo uliitwa itai-itai, yaani "inauma, inauma", na serikali ilikiri chanzo chake mwaka 1968.

Risasi nayo hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Uchunguzi wa UNEP wa mwaka 2007 kuhusu jaa la Dandora uliwapima watoto 328. Karibu nusu yao walikuwa na risasi ya mikrogramu 10 au zaidi kwa kila desilita ya damu.

Kuna wanaotaka bustani za kando ya mito zifyekwe. Kwa maoni yangu, huko ni kumwadhibu mkulima na kumwachilia anayemwaga sumu mtoni. Serikali ya kaunti na NEMA zipime udongo, maji na mboga za sokoni kila msimu, kisha zitangaze matokeo hadharani. Viwanda visafishe maji taka kabla ya kuyaachilia. Mkulima ambaye shamba lake limechafuka asaidiwe kukuza miche ya maua na miti badala ya chakula. Penye udongo wenye asidi, apewe chokaa, kwa sababu asidi huzidisha kadimiamu inayoingia mmeani.

Sisemi tuache kula mboga. Hasara yake kwa afya ingekuwa kubwa zaidi. Ziosheni kwa maji safi mara kadhaa, menyeni nduma vizuri, na msinunue mahali pamoja mwaka mzima. Wapeni watoto maharagwe, ndengu na nyama mkijaliwa, kwani mtoto aliyepungukiwa na chuma hufyonza risasi zaidi. Muulizeni mama mboga mzigo wake umetoka wapi.

Hata hivyo, hakuna jiko linaloweza kuusafisha mto. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Tuwadai viongozi wetu vipimo hivyo sasa, kabla figo na akili za watoto wetu hazijawa ndizo vipimo.