Bwate inakufa, shofere njo analipa

Wandugu wachimbaji, mama wa famili, na ninyi wote mnaotia gari barabarani kwa feza ya dhahabu: leo hatuzungumze mashimo wala kodi za koperative. Tunazungumza bwate. Bwate ya vitesi, tena ile otomatiki, juu njo iko inakula feza ya watu wetu kuliko hata wanegosia wa dhahabu.

Tangu mvua zianze, wamepita watu watatu kwenye ofisi ya sindika na lalamiko moja. Wa kwanza ni mchimbaji wa Kamituga. Miaka mitatu ndani ya shimo, akaweka franka kwa franka, akashuka Bukavu kununua Noah kwenye depo moja. Gari safi, viti safi, redio inaongea Kijapani. Wiki ya tano, kwenye kupanda, moteri inalia lakini gari haisogee. Akarudi kwa muuzaji. Muuzaji hakufungua hata kapo. Akasema: « Shofere wako njo ameua bwate. Hajue otomatiki. » Wa pili na wa tatu walijibiwa maneno karibu yaleyale, na depo hazikuwa moja.

Sasa sikilizeni kile kilifuata, maana kile njo kimenikalisha kuandika. Yule mchimbaji akarudi nyumbani na hasira, akamwita shofere, akamkata mshahara wa miezi miwili. Shofere huyo ni nani? Ni kijana wa Luhwindja, mtoto wa mchimbaji, baba yake ni memba wetu. Kwa hiyo bwate iliyochakaa huko mbali inalipwa na mtoto wetu wa hapa, na yule aliyeuza anaendelea kupanga gari zingine mbele ya depo.

Tuangalie kwanza kitu chenyewe, tusiongee hewa. Bwate ya mkono inafanya kazi na ambriyaji na meno ya chuma. Shofere mwenyewe anachagua vitesi. Bwate otomatiki inaishi kwa mafuta. Mafuta njo yanasukuma, njo yanashika, njo yanapoza. Yakichoka au yakichemka kupita kiasi, zile sahani za ndani zinaungua, na gari inaanza kuteleza. Kisha iko aina nyingine, CVT, haina meno ya vitesi: ni mkanda wa chuma unaozunguka katikati ya puli mbili. Gari nyingi ndogo zinazotoka Japani zinayo. Inakula esansi kidogo, na mjini inateleza vizuri kabisa. Lakini inataka mafuta yake yenyewe. Fundi akitia yale mafuta mekundu ya otomatiki ya kawaida ndani ya CVT, amekwisha kuichimbia kaburi, na mwenye gari hatajua mpaka siku gari inagoma.

Gari zile zilitengenezwa kwa mtu anayeenda kazini kwenye lami, peke yake, na begi moja. Sisi tunazipeleka wapi? Tunazipeleka Walungu, Burhale, Kilungutwe, Mwenga, mpaka Kamituga. Gari ya watu saba inabeba kumi na mbili, na juu magunia, na nyuma bidoni. Inanasa kwenye matope, shofere anakanyaga, magurudumu yanazunguka bure, na mafuta ya bwate yanachemka. Kwa upande wa Uvira iko Ngomo, na kila mtu anaijua. Wengi wanapendelea kuzungukia Rwanda wakatokee Kamanyola kuliko kupanda na kushuka kule. (Mimi mwenyewe kwa njia ya Kamituga singenunua otomatiki hata ukinipunguzia bei nusu. Mtasema ni uzee. Lakini hesabuni ni gari gani bado zinafika mwezi wa nne: utaona Land Cruiser na Hilux za zamani, bwate ya mkono.)

Kwa hiyo ndiyo, barabara inaua bwate. Mzigo unaua bwate. Hiyo hatukatae. Lakini barabara haiue bwate nzima kwa wiki tano. Bwate inayokufa kwa wiki tano ilifika hapa ikiwa mgonjwa. Gari imetumika Japani miaka mingi, ikashushwa Dar es Salaam, ikaendeshwa zaidi ya kilometa 1500 kupita Tanzania na Rwanda mpaka Ruzizi, na njiani hakuna mtu alibadilisha mafuta. Pengine kompteri nayo imerudishwa nyuma. Muuzaji anajua mambo haya kuliko mnunuzi, juu ni kazi yake ya kila siku.

Tena jibu hilo la « shofere wako » si la Bukavu tu. Huko Australia, kampuni Ford iliuza Focus, Fiesta na EcoSport zenye bwate iliyoitwa PowerShift. Gari zikawa zinatetemeka na kupoteza nguvu. Wenye gari wakalalamika. Mara nyingi waliambiwa kwamba ni namna yao ya kuendesha, na wakati huo kampuni ilikuwa inajua kwamba kutetemeka kule ni alama ya ubovu wa gari. Wengi walinyimwa kurudishiwa feza. Waliotaka kubadilishiwa gari walipashwa kuongeza feza yao. Ofisi ya serikali inayolinda wanunuzi kule, ACCC, ikapeleka kampuni mbele ya tribinali. Mwezi wa 4 mwaka 2018, Ford ikahukumiwa kulipa dola za Australia milioni 10. Na bwate zile hazikuwa zimeona hata siku moja matope ya Kilungutwe.

Huko Marekani nako, lalamiko juu ya CVT za Nissan zilifanya kampuni yenyewe kuongeza garanti: kwa gari za 2003 mpaka 2010, garanti ya bwate ilitoka miaka 5 ikafika miaka 10, na kutoka maili 60.000 ikafika maili 120.000, ni kusema karibu kilometa 193.000. Garanti ile haivuke Ruzizi. Mtu wa Kadutu ananunua chuma cha aina ileile, lakini karatasi inayolinda chuma ilibaki upande mwingine wa bahari.

Sisi watu wa mashimo neno hili tunalijua tangu zamani. Shimo likianguka, kabla hata hawajatoa maiti, utasikia: wachimbaji hawakufuata mashauri. Nani alitoa miti ya kushikilia ukuta, nani alikatalia pompi ya maji, hayo yataulizwa kesho, na kesho haifike. Njo maana nashangaa kuona mchimbaji, aliyeteswa na neno hilo miaka yote, siku anapata gari analichukua neno lilelile na kumpiga nalo shofere wake.

Patro, nisikilize vizuri. Nani anasema gari isitoke Mwenga mpaka ijae? Ni wewe. Nani anataka versema kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe? Ni wewe. Nani alikataa kununua mafuta ya bwate ya bei, akasema fundi atie yale yaliyopo? Shofere anaweza kukosa, ndiyo. Anaweza kutia R wakati gari ingali inaenda mbele, anaweza kushuka mlima akiwa ametia N kwa kutafuta kuponyesha esansi. Kama umeona hayo, mpe kosa lake. Lakini kumkata mshahara bila fundi kufungua bwate, bila kuangalia mafuta, bila karatasi yoyote, ni wizi. Kwenye mashimo tungeita hivyo, na barabarani jina halibadilike.

Na kwa muuzaji, sheria iko. Watu wanafikiri Kongo haina sheria ya mambo haya. Dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888, ile inayoongoza mapatano, inasema muuzaji anapashwa kujibu juu ya ubovu uliofichika ndani ya kitu alichouza. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kurudishiwa feza yake, ao kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini sheria hiyohiyo inasema mambo mawili ambayo yanatuangusha. Ubovu unaoonekana kwa macho hauhesabiwe: kama ungeweza kuuona na ukanyamaza, ni shauri lako. Tena unapashwa kushitaki kwa wakati mufupi. Ukingojea miezi sita ukifanya mapatano ya mdomo kwenye nganda, avoka hatakusaidia tena.

Hapo njo tunaanguka. Tunanunua gari kwa mkono. Unapewa resu, imeandikwa bei na tarehe, pengine na neno moja la Kifaransa chini kabisa ambalo hukulisoma, kwamba gari imeuzwa jinsi ilivyo. Mchimbaji ambaye hawezi kuuza dhahabu bila kuangalia mizani mara tatu, ananunua gari kwa kuangalia rangi.

Basi siku ya kununua, usiende peke yako. Enda na fundi wako, si fundi wa depo. Omba gari uipate ikiwa baridi. Kama umekuta moteri imekwisha washwa, jiulize sababu. Toa kijiti cha mafuta ya bwate kama iko nacho, nusa: mafuta meusi yenye harufu ya kuungua ni jibu tayari. Kanyaga freni, tia D, kisha R. Kama gari inachukua muda kushika, ao inapiga kama nyundo, rudi nyumbani. Kisha usiijaribu kwenye tambarare. Ipandishe Kadutu, na watu ndani. Moteri ikipanda sauti na gari ikibaki palepale, bwate inateleza. Uliza tena karatasi ya Kijapani ya kutoa gari inchini: kilometa zimeandikwa mule, linganisha na kompteri. Na mkikubaliana bei, muuzaji aandike kwamba anajibu juu ya bwate kwa siku fulani, hata siku 60. Akikataa kuandika siku 60, amekuambia kitu juu ya gari yake.

Wakubwa wa serikali nao tuna swali kwao. Gari ikivuka mpaka inalipa DGDA, na OCC nayo inachukua yake juu ya kontrole. Tunalipa, hatukatae. Lakini kontrole hiyo inaangalia nini? Kama inaangalia, mnunuzi aonyeshwe kile kilichoonekana, kwa karatasi, kabla hajatoa feza. Kama haiangalie bwate, freni na chasi, tuambiwe inalipiwa nini.

Huko Australia mtu mmoja mmoja alilalamika akaambiwa hajui kuendesha. Lalamiko zilipokuwa nyingi na zote zinafanana, jibu hilo halikusimama tena. Sisi lalamiko zetu zinafia kwenye garaji. Njo maana tangu wiki hii tumeweka kitabu kwenye ofisi ya sindika. Leteni kopi ya resu, nambari ya chasi, tarehe ya kununua, tarehe bwate ilianza kusumbua, kilometa za siku ile na siku hii, na maneno ya fundi aliyefungua, na saini yake. Tutaziweka pamoja kwa kila depo, na depo ikiwa na lalamiko tano, avoka wa sindika atabisha pale na karatasi tano, si moja. Wa Kamituga na Luhwindja msipoteze feza ya njia: delege wa shimo lenu anapokea.

Na shofere naye aje aandike yake, hata kama patro hataki.