Tunabeti jina, maswali hatuulizi

Wadau, 2030 bado iko mbali, lakini vijiweni CCM imeshapata mwenyekiti mpya. Huyu anakwambia ni yule waziri anayepiga picha na mama ntilie kila wikiendi, mwingine anakomaa ni yule mzee mkimya. Kuna jamaa wameshawekeana dau kabisa.

Mi nasema tulieni. Mwaka 2015 watu 42 walichukua fomu za urais kupitia chama hicho. Aliyevuma kuliko wote alikatwa Dodoma mapema, akaibuka Magufuli ambaye vijiweni hakutajwa sana. Julai 2016 akakabidhiwa na uenyekiti, maana ndo kawaida yao: ukipata urais, kofia ya chama inakufuata.

Kwa hiyo anayeshika chama ndo anashika nchi. Lakini sisi tunabishana nani ana nyota, nani kakaa karibu na nani msibani. Hakuna anayeuliza huyo mtu ana mpango gani na ajira. Mimi tangu nimemaliza fomu foo sijawahi kuona mkataba wa kazi, naishi kwa bando na kubahatisha.

Ukimtabiria mtu ukuu bila kumuuliza kitu, umekuwa chawa wake wa bure. Wenzako angalau wanalipwa.

Kura ya ndani ya chama ni ya wajumbe, na wajumbe tunawajua. Sisi tumebaki na mdomo tu. Basi tuutumie kuuliza.

Wewe mdau, ungemuuliza nini?