Nyota kama almasi? Tumechoka!

Waandishi wetu wakifika usiku huandika "nyota ziling'aa kama almasi", basi, anga limekwisha. Mimi niko Kishapu, almasi zinachimbwa hapo Mwadui, na bado nasema huo ni uvivu.

Januari niliazima darubini ya kompyuta. Nilidhani itajitafutia kila kitu. Wapi! Nikaijazia tarehe, saa na mahali, kisha ikataka niielekeze kwenye nyota mbili ninazozijua. Nyota ya Kaskazini huku kusini mwa Ikweta haionekani. Nikaanza na Sirius. Ya pili, orodha ikasema Aldebaran. Nikakwama, hadi nikakumbuka jina hilo ni la Kiarabu, "mfuasi", kwa kuwa huchomoza nyuma ya Kilimia. Ah, Kilimia nakijua, nyota za msimu wa kulima! Nikaitafuta nyekundu iliyo mashariki yake, nikabonyeza. Nikaomba nebula ya Orion. Darubini ikageuka yenyewe, ikaileta.

Mtaniambia hiyo ni sayansi, si fasihi. Sikubali. Jina Kilimia wamelitunza wakulima, si kompyuta. Mwandishi anayeandika usiku wetu bila kujua hata nyota mbili, anamwelekeza msomaji wapi?