Mvuvi wa Burudani Naye Awe na Kipimo

Uvuvi wa burudani si jambo geni tena katika visiwa vyetu. Kila msimu wa wageni boti hutoka Nungwi na pwani nyingine za Unguja na Pemba, zikiwa na watu waliolipia siku nzima ya kuvuta mishipi. Katika maji ya kina huwatafuta nduwaro, sulisuli, jodari na nguru. Karibu na miamba huwatafuta chewa na kolekole. Hatuna ugomvi na burudani hiyo. Tunalotaka kulizungumza leo ni kipimo: mgeni huyo avue samaki wangapi kwa siku, wa ukubwa gani, na wakishavuliwa waende wapi.

Wapo watakaosema kwamba leseni inatosha. Sisi hatukubali. Leseni humruhusu mtu kuvua, lakini haihesabu samaki. Mmoja akirudi na chewa mmoja, na mwenzake akirudi na chewa ishirini, mbele ya leseni wote wawili ni sawa. Mbele ya mwamba hawako sawa hata kidogo. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakishakua. Mvuvi wa burudani humtaka hasa yule mkubwa, apate kupiga naye picha. Akiondolewa huyo, mwamba hupoteza mzazi ambaye nafasi yake haijazwi kwa mwaka mmoja.

Juu ya hayo lipo suala la haki. Kwa miaka mingi wananchi wa visiwa hivi wametakiwa wajizuie. Miamba ya Chumbe ilifungwa kwa uvuvi mwaka 1994. Ghuba ya Menai iliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1997, Misali ikafuata mwaka 1998, na Mkondo wa Pemba mwaka 2005. Vijiji kama Kizimkazi na Kisiwa Panza vimewahi kufunga sehemu za miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Pweza huyo ni kitoweo, na ndiye ada ya shule. Mama aliyekaa muda wote huo bila kwenda kuchokoa pweza ana haki ya kuuliza: na yule avuaye kwa kujifurahisha, yeye amepunguziwa nini?

Haifai, hata hivyo, kumtwisha mgeni mzigo usio wake. Sehemu kubwa ya nduwaro na sulisuli wa Bahari ya Hindi huangamia katika nyavu za kutega na mishipi mirefu ya meli za biashara. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania ni mwanachama wake tangu mwaka 2007, ilikubaliana mwaka 2018 kuweka kikomo cha tani 3,260 kwa mwaka kwa nduwaro mwenye milia na tani 25,000 kwa sulisuli, na kwamba samaki wa jamii hiyo walio chini ya sentimita 60 wasibakizwe chomboni. Mapema zaidi, mwaka 2012, iliagiza kwamba papa wenye mkia mrefu mfano wa mundu warudishwe baharini wakiwa hai, na agizo hilo liliwataja wavuvi wa burudani waziwazi. Ikiwa mataifa yamekubali kuhesabu tani, boti ya wageni haiwezi kushindwa kuhesabu samaki kumi.

Afrika ya Kusini inatupa funzo. Mwaka 2000 serikali ya huko ililazimika kutangaza hali ya dharura katika uvuvi wa mshipi, kwa kuwa samaki wa aina nyingi walikuwa wamekwisha kupungua mno. Huko mvuvi wa burudani hukata kibali, huwekewa idadi ya kila aina kwa siku na urefu wa chini, na haruhusiwi kuuza alichovua. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito kwetu. Anayevua kwa furaha kisha akauza, hushindana sokoni na avuaye kwa riziki, naye hana deni la nyavu wala la mashine.

Itasemwa kwamba masharti yatawafukuza wageni, na kwamba manahodha na mabaharia wa boti hizo ni vijana wetu. Ni kweli kwamba ni vijana wetu, na ndiyo sababu tunasema haya. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hatapona kwa bahari tupu. Nduwaro aliyerudishwa akiwa hai aweza kumleta mgeni mwingine kesho. Aliyening'inizwa gatini kwa ajili ya picha amemaliza kazi yake.

Tunawaomba wakuu wanaohusika wazingatie mambo manne. Kwanza, kanuni imtenganishe waziwazi mgeni wa burudani na mtoto mwenye mshipi gatini au mzee atafutaye kitoweo, hawa wasiguswe. Pili, idadi na ukubwa viwekwe kwa kila mtu kwa kila siku, na uuzaji ukatazwe. Tatu, kila boti ipeleke hesabu yake kwa bwana diko kama ngalawa yoyote, na Kamati za Wavuvi zipewe uwezo wa kukagua. Nne, kwa kuwa boti hiyo hiyo huweza asubuhi moja kutoka maji ya Zanzibar na kuingia katika eneo la Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu iliyoko Fumba, masharti ya pande mbili yafanane, na yaandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka ukutani dikoni.

Mwananchi aliyekubali kufunga mwamba wake ametimiza wajibu wake bila ya kulazimishwa na askari. Akiona boti ya wageni inashusha samaki bila kuhesabiwa, siku moja ataufungua mwamba huo, na hakuna afisa atakayekuwa na neno la kumjibu. Ni bora jibu hilo litayarishwe sasa.