Maji Moto na Baridi Yatoke Tangi Moja

Nyumba nyingi za mijini siku hizi zina hita ya maji, na bafuni hufungwa koki ya kuchanganyia maji moto na baridi. Ni starehe njema kwa mfanyakazi arudiye jioni amechoka, wala hatuna neno nayo. Lakini, ndugu msomaji, je, wajua maji hayo yametoka wapi kabla ya kukutana juu ya kichwa cha mtoto wako?

Aghalabu fundi hushika bomba lililo karibu naye. Maji baridi huyachukua moja kwa moja kwenye bomba la mtaani, na ya moto kwenye hita inayolishwa na tangi la juu ya nyumba. Kosa li hapo. Maji yenye kimo cha mita 10 hutoa msukumo wa takriban baa 1. Basi tangi lililo mita 2 juu ya bomba la mvua hutoa baa 0.2 tu. Bomba la mtaani likiwa na baa 2, limelizidi mara kumi. Maji baridi huyashinda ya moto, nawe hulazimika kufungua upande wa moto hadi mwisho ili upate vuguvugu. Ghafula maji ya mtaani yanakatika, jambo tulilolizoea mno, na yanayomwagika ni ya moto matupu. Maji ya nyuzi 60 za Sentigredi huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache; ya mtoto huungua upesi zaidi.

Dawa yake si koki ya bei kubwa. Maji yote yatoke tangi moja, yapite pampu moja, ndipo bomba ligawanyike: tawi moja liende hita, jingine liende bafuni. Pampu itayasukuma sawasawa, na umeme ukikatika yatapungua pamoja. Pampu hiyo isivute kutoka bomba la mtaani, kwani huwanyima majirani na kufyonza uchafu penye nyufa.

Hita nayo iwe ya aina iliyofungwa, yenye kustahimili msukumo wa pampu, na vali yake ya usalama isizibwe kamwe. Wapo wanaoiziba ati inadondosha maji. Na idondoshe! Maji yakipata moto hutanuka, na yakikosa pa kutokea hita yaweza kupasuka.

Kabla ya kumlipa fundi, fungua bomba la mvua mpaka maji yawe vuguvugu, weka mkono wako hapo, kisha mwenzio avute maji chooni na kufungua bomba la jikoni. Maji yakigeuka moto ghafula, kazi haijaisha, na mtoto asiingie bafuni humo.