Braveheart na daraja lililoachwa nje

Majuma machache yaliyopita nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuhusu sifa za shujaa katika fasihi. Mmoja wao alimchagua William Wallace wa Uskoti. Aliandika, kwa Kiswahili cha kupendeza, kwamba Wallace aliwashinda Waingereza huko Stirling katika uwanda wazi, uso kwa uso, kwa kuwa watu wake waliupenda uhuru kuliko roho zao. Nilipiga mstari mwekundu chini ya maneno "uwanda wazi". Kisha kalamu ikasita, maana nilijua alikoyatoa. Nami niliyatoa huko huko.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990, nikiwa mwanafunzi katika shule ya upili ya bweni. Jumamosi moja jioni viti vya bwalo vilisogezwa kando, runinga ikapandishwa juu ya meza, na mkanda wa video wa Braveheart ukatiwa mashineni. Tulikaa sakafuni karibu saa tatu bila mtu kuomba ruhusa ya kutoka. Kesho yake wavulana kadhaa walionekana uwanjani wamejipaka wino wa buluu usoni, fimbo mikononi, wakishambuliana. Mwalimu wa zamu hakufurahi.

Filamu hiyo, iliyoelekezwa na Mel Gibson ambaye pia ndiye mwigizaji mkuu, ilitoka mwaka wa 1995, na mwaka uliofuata ikatunukiwa tuzo 5 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Wengi hudhani mvuto wake ni damu, farasi na mikuki. Mimi sikubali. Filamu za damu ni tele, na nyingi zimesahauliwa. Kinachomnasa mtazamaji hapa ni usemi. Hebu itazame hotuba ambayo Wallace anawatolea askari kabla ya mapigano ya Stirling. Wamekwisha kukata tamaa, na wengine wanageuka kurudi makwao. Hawatukani wala hawaiti waoga. Anawakubalia kwamba naam, wakikimbia wataishi, angalau kwa muda. Kisha anawapeleka miaka mingi mbele, wakiwa wazee wanaokata roho vitandani, na kuwauliza iwapo hawatatamani wapewe tena siku hii moja. Mjuzi wa balagha huitambua mbinu hiyo mara moja: mkubalie msikilizaji hoja yake, kisha umwonyeshe gharama yake. Na mwishoni, mbele ya wauaji wake, maneno yote yanapungua hadi kubaki moja tu, uhuru. Saa tatu zimetumika kulitayarisha sikio lipokee neno hilo.

Sikio lenyewe pia limechezewa. Katika filamu adui hutambulika kabla hajachomoa upanga, kwani Waskoti wana lafudhi yao na Waingereza wana yao. Mwaka wa 1297 mambo hayakuwa hivyo. Wakuu wa pande zote mbili walitumia Kifaransa, na makarani wao Kilatini. Kaskazini na magharibi mwa Uskoti watu wengi walisema Kigaeli, na kusini-mashariki walisema lugha iliyokuwa ndugu wa damu wa ile ya Waingereza wa kaskazini. Ungefumba macho katika hema la wakuu usingejua umo katika kambi ya nani. Kuwapanga watu wema na wabaya kwa lafudhi ni hila ya sinema, na sisi wa nchi yenye lugha zaidi ya 40 tuna sababu ya kuijua hila hiyo mapema.

Lakini kosa linaloniuma hasa ni la daraja. Vitabu huyaita mapigano hayo ya tarehe 11 Septemba 1297 Mapigano ya Daraja la Stirling, na katika filamu daraja halimo kabisa. Tulirudishe. Lilikuwa la mbao, juu ya mto Forth, jembamba kiasi kwamba farasi wawili tu waliweza kupita sambamba. Jeshi la Mfalme Edward wa Kwanza, chini ya John de Warenne, lilikuwa kusini mwa mto. Waskoti walikuwa ng'ambo, kwenye kilima cha Abbey Craig. Richard Lundie, Mskoti aliyekuwa upande wa mfalme, alishauri wapanda farasi wavukie mahali penye maji mafupi, wawazunguke Waskoti kwa nyuma. Hugh de Cressingham, mweka hazina, akapinga: vita vilikuwa vimekula fedha nyingi mno, alitaka vikome upesi. Basi wakaanza kuvuka darajani, wawili wawili.

Waskoti hawakukurupuka. Walingoja hadi wamevuka maadui wengi kadiri walivyoamini wanaweza kuwamudu, ndipo wakateremka na kulifunga daraja upande wao. Waliovuka hawakuweza kurudi, na waliobaki hawakuweza kuwafikia wenzao, wakabaki kutazama. Cressingham aliuawa. Fikiria basi, msomaji, ni nidhamu gani iliyohitajika kusimama juu ya kilima na kuwatazama maadui wakivuka kwa saa nzima nzima bila mtu kupiga hatua. Kungoja huko ndiko kulikoshinda, wala hakuna hotuba inayoweza kushika nafasi yake. Tena Wallace hakuongoza peke yake. Alikuwako Andrew Moray, aliyekuwa amekwisha kuongoza uasi kaskazini, na ambaye inaaminika alijeruhiwa siku hiyo akafa kwa majeraha hayo. Filamu haimjui.

Makosa mengine nayapita mbio. Isabella wa Ufaransa, anayeonyeshwa akipendana na Wallace, alikuwa mtoto wa miaka 10 hivi wakati Wallace alipouawa London tarehe 23 Agosti 1305. Mfalme Edward hakufa siku moja naye, bali alifariki mwaka wa 1307. Na yale mavazi ya miraba yafungwayo kiunoni ni ya karne nyingine kabisa.

Je, tuwakataze wanafunzi kuitazama? La hasha. Randall Wallace, aliyeiandika, aliegemea utenzi mrefu wa mshairi Blind Harry, uliotungwa katika miaka ya 1470, zaidi ya miaka 160 baada ya shujaa kuuawa. Mwalimu anayefundisha Utenzi wa Fumo Liyongo hatashangazwa na hayo. Liyongo hakuangushwa na silaha za maadui bali na usaliti wa mwanawe. Wallace naye alitiwa mikononi mwa Waingereza na Mskoti mwenzake, John de Menteith. Utenzi humtaka shujaa mmoja, msaliti wa karibu, na kifo chenye maana. Hauna nafasi ya majemadari wawili wanaoshauriana, wala ya mweka hazina anayehesabu pesa. Hatuendi kwa Muhammad Kijumwa, aliyeutunga utenzi wa Liyongo mwaka wa 1913, kutafuta tarehe.

Shida huanza utenzi unapovikwa joho la historia. Mwaka wa 1997 sanamu ya Wallace iliwekwa karibu na mnara wake wa kumbukumbu huko Stirling, na uso wake ulikuwa wa Mel Gibson. Iliharibiwa mara kadhaa na waliochukizwa nayo, hata ikabidi izungushiwe kizimba. Hapa kwetu hatujamchonga mwigizaji, ila mara ngapi tumevisimulia vita vya Mau Mau kwa majina mawili matatu, tukawaacha nje akina mama waliopeleka chakula na habari msituni?

Mwezi mmoja baada ya ushindi, tarehe 11 Oktoba 1297, Moray na Wallace waliiandikia miji ya Lübeck na Hamburg barua kwa Kilatini. Wanaijulisha kwamba ufalme wa Uskoti umekombolewa kwa vita, na kwamba wafanyabiashara wake wanaweza kufika salama katika bandari zote. Hakuna mayowe ndani yake. Ni watu wawili wanaotaka meli zirudi.

Nilimrudishia mwanafunzi insha yake bila alama, na mchoro wa daraja pambizoni. Juzi alibisha hodi ofisini. Amekwisha kuisoma tafsiri ya barua hiyo, akasema, na ana swali: huyu Andrew ni nani, na kwa nini jina lake limetangulia la Wallace?