Amri Isichukue Mahali pa Ridhaa

Ipo dhana miongoni mwetu kwamba serikali ikishachaguliwa na wananchi, basi haki ya kila mwananchi imo salama mikononi mwake. Dhana hiyo haitoshi. Serikali ya wananchi haiamki siku moja ikawa dhalimu. Huanza kwa nia njema, nia ikafuatwa na haraka, na haraka ikazaa amri. Historia ya Handeni ni ushahidi.

Wazee wa Korogwe na Usambara walirithishwa habari za kipande, kadi ya Wajerumani iliyowasukuma watu mashambani kwa mkoloni wapende wasipende. Uhuru ulidaiwa ili mambo ya namna hiyo yakome. Kwa hiyo Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya Ujamaa Vijijini mwaka 1967, alisisitiza kwamba kijiji cha ujamaa hakijengwi kwa nguvu: watu waelimishwe, waingie kwa hiari. Miaka sita tu ikapita. Septemba 1973 mkutano wa TANU uliazimia watu wote wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976, na Novemba ikatangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri. Wananchi wa Handeni, waliozoea vitongoji vilivyotawanyika, walikuwa miongoni mwa mamilioni walioguswa. Mahali pengi nchini watu walipakiwa katika malori, na nyumba zao zikachomwa moto.

Hatukani kwamba shule, visima na zahanati vilifuata. Tunachouliza ni hiki: aliyeonewa alishitaki wapi? Katiba ya 1977 haikuwa na Sheria ya Haki za Binadamu hadi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1984, na hata hapo mahakama zilizuiwa kuitumia hadi Machi 1988. Isitoshe, mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta haki za asili za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa kwa operesheni, na kuwafungia wenye haki mlango wa mahakama. Ilikuwa Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Akonaay mwaka 1994, iliyotamka kwamba haki ya asili ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Wabunge walipitisha, majaji wakamkinga mkulima. Hilo ndilo fundisho.

Leo Handeni imerudi tena katika habari hizo hizo. Tangu Juni 2022 Serikali imekuwa ikihamishia Msomera wananchi kutoka Ngorongoro, ikijenga nyumba na kusema kuwa kila anayehama anahama kwa hiari. Shirika la Human Rights Watch, katika taarifa yake ya Julai 2024, lilidai kuwa wahusika hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba wenyeji wa Msomera nao walipoteza ardhi. Serikali inakanusha. Sisi tunasema: hiari haithibitishwi kwa tamko la kiongozi. Inathibitishwa pale ambapo anayekataa kuhama anabaki na shule yake, zahanati yake na usalama wake.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo. Ukiona mwenzio ananyolewa, wewe tia maji. Anayelima eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 anajua ardhi ni nini kwa mnyonge, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo imeandika haki za mtu. Lakini haki iliyoandikwa bila kudaiwa ni sawa na mtumbwi uliopakwa rangi bila kutiwa majini.

Kwa watendaji wa Serikali tuna neno moja. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inamruhusu Mkuu wa Mkoa au wa Wilaya kumweka mtu kizuizini kwa saa 48, kwa ajili ya kulinda amani tu. Haikuwekwa ili kumnyamazisha mwananchi aliyeuliza swali mkutanoni. Tuliosoma chuoni tukiwa watoto tulifunzwa kwamba uongozi ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe ikiwa nzima. Chama chetu kilizaliwa kwa kushawishi watu, wala hakikuzaliwa kwa kuwaamuru. Kiongozi aliyeshindwa kushawishi hapana budi arudi akajifunze; asikimbilie pingu.